Sabuni Zisizo na Fosfati na Sabuni za Kawaida za Mashine za Kuoshea Vyombo Nyumbani: Ulinganishi wa Utendaji na Athari kwa Maji

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha sabuni za kawaida zenye fosfati na sabuni zisizo na fosfati zinazotumika katika mashine za kuoshea vyombo majumbani. Mifano imetolewa Marekani, ambako majimbo 16 yalianza kutekeleza kikomo kipya cha fosforasi tarehe 1 Julai 2010, na katika Umoja wa Ulaya, ambako kikomo kama hicho kilianza tarehe 1 Januari 2017. Makala yanadai kwamba swali la sabuni ipi inasafisha vizuri zaidi halina jibu moja, kwa kuwa matokeo hutegemea ugumu wa maji na muundo wa mashine. Aidha, yanaonesha kuwa faida ya kuondoa fosfati ni ya kweli lakini ina mipaka, na kwamba mipaka hiyo haina budi kutajwa katika ulinganishi wowote ulio wa haki.

1.0 Utangulizi

Mashine ya kuoshea vyombo haina mkono unaosugua. Hurusha maji ya moto juu ya sahani na bilauri, na kazi ambayo jikoni hufanywa na dodoki huachiwa kemikali na joto. Sabuni yake haitakiwi kutoa povu jingi, kwa kuwa povu hupunguza nguvu ya maji yanayorushwa. Kwa sababu hiyo sabuni ya kuoshea vyombo kwa mkono haiwezi kutumika badala yake.

Kwa miongo kadhaa kiambato kikuu cha sabuni hizo kilikuwa tripolifosfati ya sodiamu. Kiambato hichohicho kilitumika pia katika sabuni za kufulia, lakini mjadala wa uchafuzi wa maziwa ulioanza Marekani na Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960 ulisababisha kiondolewe humo hatua kwa hatua. Sabuni za mashine za vyombo ziliachwa nje ya sheria nyingi za awali kwa hoja kwamba hapakuwa na mbadala wa kuridhisha. Msamaha huo ndio uliokoma mwaka 2010, pale majimbo 16 yaliposhusha kiwango cha fosforasi kutoka asilimia 8.7 ya uzito wa sabuni hadi asilimia 0.5.

2.0 Kazi za Fosfati katika Sabuni

Ili kuelewa ugumu wa kuibadilisha fosfati, ni muhimu kubainisha kazi zake. Kazi ya kwanza ni kushika ayoni za kalsiamu na magnesiamu zinazofanya maji yawe magumu. Ayoni hizo zisiposhikwa, huungana na kaboneti au mabaki ya chakula na kuacha utando mweupe juu ya vyombo. Fosfati huzishika na kuziacha zikiwa zimeyeyuka, hivyo hutoka pamoja na majitaka.

Kazi ya pili ni kutawanya uchafu ili chembe zilizobanduka zisirudi kuganda kwenye chombo kingine. Kazi ya tatu ni kusaidia kudumisha ubesi wa maji, hali inayohitajika ili mafuta yavunjwe. Kiambato kimoja cha bei nafuu kilitimiza kazi zote tatu.

Hesabu ndogo inadhihirisha ukubwa wa uwezo huo. Fosforasi ni takribani robo ya uzito wa tripolifosfati ya sodiamu. Hivyo, sabuni yenye fosforasi asilimia 8.7 ina takribani asilimia 34 ya kiambato hicho. Tukichukulia kipimo cha gramu 20 kwa mwosho mmoja, tunapata takribani gramu 7 za tripolifosfati. Kiasi hicho kinaweza kushika karibu mara mbili ya kalsiamu iliyomo katika lita 5 za maji yenye ugumu wa miligramu 180 kwa lita, yaani maji yaliyo katika ukingo wa daraja la maji magumu sana kwa vipimo vya Marekani. Mtumiaji aliyezoea sabuni ya kawaida hakulazimika kujua ugumu wa maji yake, kwa kuwa sabuni ilikuwa na akiba ya kutosha kufidia tofauti hizo.

3.0 Viambato Mbadala

Hakuna kiambato kimoja kilichorithi kazi zote za fosfati. Watengenezaji walizigawa kwa viambato kadhaa. Sitrati ya sodiamu, itokanayo na asidi ya malimau, hushika kalsiamu, ingawa mshiko wake ni dhaifu zaidi. Kaboneti ya sodiamu, ambayo ni jamii ya magadi, hutoa ubesi. Polima maalumu huzuia fuwele za chokaa zisikue na kutawanya uchafu. Katika sabuni za bei ya juu huongezwa kishikaji chenye nguvu zaidi kijulikanacho kwa kifupi kama MGDA, ambacho huoza kwa urahisi katika mazingira.

Vimeng'enya pia vilipewa nafasi kubwa: proteasi huvunja mabaki ya mayai na nyama, na amilasi huvunja wanga wa wali na viazi. Mabadiliko haya yaliendana na kuachwa kwa klorini katika sabuni nyingi, kwa sababu klorini huharibu vimeng'enya. Nafasi yake ya kuondoa madoa ya chai na kahawa ilichukuliwa na perikaboneti ya sodiamu, ambayo hutoa oksijeni ndani ya maji.

Tahadhari moja ya istilahi inahitajika hapa. Sabuni isiyo na fosfati si lazima iwe haina fosforasi kabisa. Nyingi zina kiasi kidogo cha fosfoneti, viambato vyenye fosforasi vinavyozuia ukoko wa chokaa. Kwa sababu hiyo sheria hupima fosforasi yote, si fosfati peke yake: Marekani kwa asilimia ya uzito, na Umoja wa Ulaya, kupitia Kanuni Na. 259/2012, kwa gramu 0.3 za fosforasi katika kipimo cha kawaida cha mwosho mmoja.

4.0 Utendaji: Mfano wa Spokane

Kaunti ya Spokane, mashariki mwa jimbo la Washington, ilitangulia majimbo hayo kwa miaka miwili. Sheria iliyopitishwa mwaka 2006 ilianza kutumika huko tarehe 1 Julai 2008, kwa lengo la kupunguza fosforasi inayoingia katika Mto Spokane. Maji ya eneo hilo ni magumu. Wakazi walilalamika kwamba bilauri zilitoka na ukungu na sahani zikabaki na mabaki ya chakula, na baadhi yao wakavuka mpaka kuingia jimbo jirani la Idaho kununua sabuni ya zamani.

Malalamiko hayo yanaelezeka kikemia. Sabuni za mwanzo zisizo na fosfati zilitegemea sana kaboneti. Katika maji magumu, kaboneti ambayo haikuambatana na kishikaji chenye nguvu huungana na kalsiamu na kufanya chokaa juu ya kioo. Kiambato kilichowekwa kusafisha kiligeuka kuwa chanzo cha utando.

Hata hivyo, hali ya Ulaya inaonesha kuwa tatizo halikuwa la sabuni peke yake. Mashine nyingi za Ulaya zina kilainisha maji ndani yake, ambacho hubadilisha ayoni za kalsiamu kwa ayoni za sodiamu na kuhuishwa kwa chumvi maalumu. Mashine nyingi za Marekani hazina kifaa hicho. Kwa hiyo nchini Marekani fosfati ilikuwa inafanya kazi ambayo Ulaya ilifanywa pia na mashine. Ilipoondolewa, pengo hilo lilionekana kwanza kwa kaya zenye maji magumu. Aliyeishi kwenye maji laini hakuwa na sababu kubwa ya kuona tofauti, na hapa ndipo chimbuko la ushuhuda unaopingana wa watumiaji wa sabuni ileile.

Ni lazima pia kutofautisha aina mbili za ukungu kwenye kioo. Utando wa chokaa huyeyuka ukilowekwa katika siki au asidi ya malimau. Mmomonyoko wa kioo hauondoki kwa njia yoyote, kwani uso wenyewe wa kioo umelika. Mmomonyoko huchochewa na maji laini kupita kiasi, joto kali na sabuni nyingi mno. Mtumiaji anayeongeza sabuni kila aonapo ukungu, bila kujua ni wa aina gani, anaweza kuzidisha madhara.

5.0 Athari kwa Maziwa na Mito

Sababu ya kuondoa fosfati haimo jikoni. Katika maji baridi, fosforasi mara nyingi ndiyo kirutubisho kinachopungukiwa zaidi, hivyo ikiongezeka mwani huongezeka. Jambo hili lilithibitishwa na David Schindler na wenzake katika Ziwa 226 huko Ontario, Kanada. Mwaka 1973 waligawa ziwa hilo kwa pazia na kutia kaboni na nitrojeni pande zote mbili, lakini fosforasi upande mmoja tu. Upande wenye fosforasi ulifunikwa na mwani, na upande wa pili haukufunikwa.

Kwa uwiano wa kawaida wa viini vya mwani, gramu 1 ya fosforasi inatosha kukuza takribani gramu 114 za mwani mkavu. Mwani huo ukioza hutumia takribani gramu 140 za oksijeni iliyomo majini. Kipimo cha gramu 20 cha sabuni ya zamani kilikuwa na fosforasi gramu 1.7, ilhali kwa kikomo cha asilimia 0.5 hakizidi gramu 0.1. Kaya inayoosha kila siku ilitoa zaidi ya gramu 600 kwa mwaka. Si yote hufika ziwani, kwa kuwa mitambo ya majitaka huondoa sehemu yake, lakini kuiondoa huko huhitaji chumvi za chuma au alumini na huzalisha tope zaidi.

Pamoja na hayo, faida hii isikuzwe. Mwezi Agosti 2014, miaka minne baada ya Ohio kuweka kikomo, zaidi ya watu 400,000 wa Toledo na vitongoji vyake waliambiwa wasinywe maji ya bomba kwa siku mbili na zaidi, kutokana na sumu ya sianobakteria katika Ziwa Erie. Chanzo kikuu cha fosforasi katika sehemu hiyo ya ziwa ni mbolea na samadi zinazosombwa na Mto Maumee kutoka mashambani. Sabuni ya vyombo haikuwa chanzo kikuu, na kuiondoa peke yake kusingezuia tukio hilo. Somo hili linahusu pia Ziwa Victoria, ambako sehemu kubwa ya fosforasi huingia kwa mvua na vumbi la angani pamoja na mmomonyoko wa ardhi. Huko, sera inayolenga sabuni tu ingeacha mzigo mkubwa bila kuguswa.

6.0 Hitimisho

Ulinganishi huu unaonesha kwamba sabuni ya kawaida ilikuwa na ubora wa kuvumilia maji ya aina yoyote, na gharama ya uvumilivu huo ililipwa na mito na maziwa. Sabuni isiyo na fosfati hurudisha sehemu ya gharama hiyo kwa kaya: kujua ugumu wa maji, kujaza chumvi pale mashine inapokuwa na kilainisha, kutumia dawa ya kusuuzia, na kupima sabuni kwa kiasi kinachofaa. Penye maji laini au mashine yenye kilainisha, hakuna sababu ya msingi ya kutamani fosfati. Penye maji magumu na mashine isiyo na kifaa hicho, sabuni yenye kishikaji imara inafaa kuliko ile inayotegemea kaboneti, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Kwa mtafiti, inapendekezwa kwamba jaribio lolote la kulinganisha sabuni hizi litaje ugumu wa maji, joto la maji, kipimo cha sabuni na aina ya mashine. Bila taarifa hizo, kauli kwamba sabuni moja inashinda nyingine haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa.