Vijana Watatu Mbele ya Wasaili wa Benki

Ukimwuliza mzazi angependa mwanawe apate kazi gani, mara nyingi atakujibu upesi: "Benki." Naye ana sababu zake. Kazi ya benki ni kazi ya kivulini, mshahara huja mwisho wa mwezi pasipo kukosa, na kijana akipita asubuhi na shati lake jeupe na tai, majirani humtazama kwa heshima. Lakini mlango wa kuingilia kazi hiyo ni mwembamba, na wanaoubisha ni wengi mno.

Hivi karibuni nimezungumza na vijana watatu walioitwa kusailiwa na benki moja kubwa jijini Dar es Salaam. Majina yao siyataji, wala benki siitaji, kwa kuwa hawakunipa habari zao ili kumshtaki mtu, bali ili wadogo zao wajifunze. Wote watatu wana shahada. Wote waliketi mbele ya watu wale wale. Lakini kila mmoja alitoka na jambo lake moyoni.

JARIBIO LA SAA

Usaili wa benki kubwa kwa kawaida hauishi kwa siku moja. Kwanza barua na vyeti huchambuliwa. Kisha huja jaribio la maandishi, ambalo siku hizi wengi hulifanya mbele ya kompyuta. Mwisho, wachache waliosalia huitwa kuzungumza na wasaili ana kwa ana.

Hesabu za jaribio hilo si ngumu kama watu wanavyozivumisha. Vijana hawa walinieleza mfano wake. Mtu amekopa shilingi 800,000 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, naye atalipa baada ya miezi 6. Je, riba ni kiasi gani? Aliyesoma sekondari huiweza hesabu hii. Ila saa inakwenda, jasho linatoka, na maswali mengine yanangoja. Mmoja wao aliandika 120,000 kwa haraka, akasahau kwamba mwaka haukutimia. Jibu ni 60,000. Alikumbuka alipokwisha kufika nje, chini ya mwembe, wala hapakuwa na ruhusa ya kurudi ndani.

"Nilisoma vitabu vinene vya uchumi usiku kucha," aliniambia, "kumbe nilipaswa kujizoeza hesabu za asilimia huku nikitazama saa."

ALIYEKARIRI MAJIBU

Kijana wa kwanza alitoka Mwanza. Rafiki yake alimpa karatasi yenye maswali ya usaili na majibu yake, naye akayakariri yote, kama mtoto anavyokariri mafundisho ya kipaimara bila kuuliza maana yake.

Wasaili walikuwa watatu, mama mmoja na mabwana wawili. Mama akamwuliza, "Tueleze udhaifu wako ni upi." Kijana akajibu kama karatasi ilivyosema: "Udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi." Yule mama akatabasamu, akasema, "Mwanangu, wewe ni wa sita leo mwenye udhaifu huo."

Kisha akaulizwa kama benki ile ina tawi mjini kwao, na kama watu wa kwao huridhika nalo. Tawi lipo, naye alikuwa akipita mbele yake kila siku alipokuwa shule. Lakini hakuwahi kuingia ndani, wala kumwuliza mvuvi au mama muuza samaki wanaweka wapi fedha zao. Akanyamaza. Karatasi ya rafiki haikuwa na jibu la swali hilo.

Yafaa kijana ajue kwamba kazi ya benki imebadilika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki ya kigeni Tanzania Bara yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, na kwa miaka mingi wananchi hawakuwa na mengi ya kuchagua. Lakini mwaka 1997 benki hiyo iligawanywa, na mabenki ya watu binafsi yalikuwa yamekwisha kuruhusiwa. Mwaka 2008 kutuma fedha kwa simu kukaanza nchini. Leo mteja huweka na kutoa fedha kwa wakala kando ya duka la unga, pasipo kuliona dirisha la benki. Basi mabenki hayatafuti tena mtu wa kuketi na kuhesabu noti tu. Yanatafuta mtu awezaye kutoka nje, kuzungumza na mkulima na mchuuzi, na kufahamu shida zao. Ndiyo maana wasaili huuliza habari za mjini kwenu.

SHILINGI ELFU KUMI ZILIZOZIDI

Wa pili alikuwa binti wa kutoka mkoa wa Kilimanjaro. Yeye aliulizwa hivi: "Umefanya kazi ya karani wa fedha kutwa nzima. Jioni unafunga hesabu, unakuta shilingi 10,000 zimezidi. Utafanya nini?"

Msomaji, usilidharau swali hili. Wako wanaojibu, "Nitaziweka kando, ili siku nyingine zikipungua nizijazie." Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini benki halifai hata kidogo. Fedha iliyozidi ni kosa kama ile iliyopungua. Kila shilingi ina mwenyewe. Huenda bibi mmoja amerudi kijijini na pensheni yake imepungua elfu kumi, naye hajui bado. Karani hana budi kumwarifu msimamizi wake siku ile ile, jambo liandikwe, na karatasi za mchana zipekuliwe hata kosa lionekane.

Binti alijibu hivyo. Msaili mmoja akamwuliza, "Wasema hivyo kwa sababu umesoma, au umewahi kuyafanya?"

Ndipo akawaeleza jambo ambalo hakukusudia kulisema. Alipokuwa nyumbani baada ya masomo, akina mama wa jumuiya yao walimpa daftari la kikundi chao cha kuweka na kukopa. Mwezi mmoja aliandika shilingi 20,000 za mama mmoja katika mstari wa mama mwingine. Aligundua kosa lake usiku, peke yake. Hakuna mtu aliyekuwa amejua. Kesho yake jioni alisimama mbele ya akina mama wote, akafungua daftari, akawaonyesha. Mmoja alimfokea sana, na wengine wakanong'ona kwamba msomi hawezi hesabu.

"Nilipomaliza kusema nilijuta," aliniambia. "Nilidhani nimejichongea mwenyewe. Nani atamwajiri karani aliyekosea daftari la akina mama?"

Lakini wale wasaili waliinama wakaandika, na mmoja akaweka kalamu chini akamtazama. Kwa nini? Kwa sababu benki yote imejengwa juu ya jambo hilo. Mahali penye fedha nyingi, funguo za sefu hushikwa na watu wawili, asiweze mmoja kuifungua peke yake. Mabenki mengi humlazimisha mtumishi kwenda likizo kila mwaka, mwingine aketi mahali pake, ili kama kuna uchafu uliofichwa, uonekane. Mipango hii yote ni kwa ajili ya kumzuia mtu anayeficha. Kijana anayekiri kosa lake kabla ya kushikwa ni mali ya thamani kuliko sefu.

Hata hivyo hakutoka bila kuudhika. Bwana mmoja alimwuliza, "Una mchumba? Utaolewa lini?" Alijibu kwa adabu kwamba hilo halina uhusiano na kazi, na yule mama msaili akaingia kati akaleta swali lingine. Binti zetu wajue kwamba hakukosa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake, ndoa, mimba, dini, kabila au ulemavu, nayo humlinda hata yule anayeomba kazi.

MBUZI WAWILI WA MAMA

Habari ya tatu ni ya uchungu. Kijana huyu alitoka Singida. Nauli yake ya kuja kusailiwa ilichangwa na mjomba na shangazi. Alijibu vizuri, akarudi kwa ndugu zake Mbagala akiwa na matumaini.

Baada ya wiki mbili simu ililia. Mtu mwenye sauti ya upole alimtaja kwa majina yake yote matatu, akamwambia, "Hongera, umechaguliwa. Ila tuma shilingi 250,000 leo kabla ya saa kumi, za vipimo vya afya na sare. Usimwambie mtu, maana majina hayajatangazwa." Kijana akampigia mama yake. Mama akauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, kwa kuwa siku ile haikuwa ya mnada. Fedha zikatumwa. Saa kumi na nusu ile namba ilikuwa imezimwa.

Alikwenda benki kesho yake. Walimwambia kwa upole kwamba wao hawamtozi mwombaji hata senti moja, na kwamba jina lake halimo miongoni mwa waliochaguliwa. Basi akapata misiba miwili kwa siku moja.

Mwezi mzima hakwenda nyumbani kwa aibu. Kule kijijini watu walikuwa wamekwisha kumwita "bwana benki." Hata mwisho mama akampigia simu akasema, "Rudi, mwanangu. Mbuzi huzaliwa kila mwaka. Wewe nimekuzaa mara moja." Akarudi. Alipofika alipiga magoti akasema, "Shikamoo, mama," akashindwa kuendelea. Mama hakumwuliza habari za mbuzi. Alimwekea maji ya kuoga na ugali wa mtama.

Sasa anafanya kazi katika kibanda cha mjomba wake, wakala wa benki na wa simu. Kila jioni hufunga hesabu, na kila mteja akimwambia ameambiwa atume fedha apate kazi, humzuia kwanza na kumsimulia habari ya mbuzi wawili. Alinihakikishia kwamba amekwisha kuwazuia watu watatu. Mwakani ataomba tena benki, na safari hii atakuwa na la kuwaeleza wasaili.

TUJIFUNZE NINI

Binti wa Kilimanjaro alipata barua ya kazi. Kijana wa Mwanza hakupata, lakini amechana ile karatasi ya majibu.

Vijana, jizoezeni hesabu, someni habari za benki mnayoiomba, fikeni mapema, vaeni nguo safi. Msipojua jambo, semeni hamjui. Hayo yote yafaa. Lakini uaminifu haujifunzwi usiku wa kuamkia usaili. Hujifunzwa katika daftari la kikundi, katika chenji ya dukani, katika sadaka mliyokabidhiwa kuihesabu. Bwana wetu alikwisha kutufundisha kwamba apewaye makubwa hupimwa kwanza kwa madogo. Na mtu yeyote anayedai fedha ili akupe kazi, awe mgeni au ndugu, ni mwizi. Mkatieni simu, kisha mwarifuni polisi.

Nanyi wazazi, mtoto akirudi bila kazi, msimpokee kwa maswali ya nauli. Walioitwa ni wengi na nafasi ni chache, wala kukosa si dhambi. Mfungulieni mlango. Kijana anayejua kwamba nyumbani atapokelewa hata akishindwa, huyo hanunui kazi kwa matapeli, wala haogopi kusema kweli mbele ya wasaili.