Ramani ya mtandao: Mwenyeji wa Mwatate aweza kuijaza, lakini si hati ya shamba

MTU akiufungua mtandao na kuitafuta Mwatate kwenye ramani, kitu cha kwanza kumpokea ni barabara kuu itokayo Voi kuelekea Taveta, pamoja na njia ya reli iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Akiikuza picha kuelekea milima ya Taita, upande wa Chawia na Wusi, huenda akakutana na nafasi tupu mahali ambapo mwenyeji anajua fika kwamba pana chemchemi, kanisa, zahanati au njia ya miguu inayotumiwa na wanafunzi kila asubuhi.

Nafasi hiyo tupu haimaanishi kwamba hapana kitu. Humaanisha tu kwamba hakuna aliyekiandika.

Hilo ndilo jambo la msingi la kufahamu kuhusu ramani huria za mtandao, ambazo mashuhuri zaidi miongoni mwake ni OpenStreetMap. Tofauti na ramani ya karatasi, ambayo huchorwa na wapimaji wa serikali na kuchapishwa baada ya miaka mingi, ramani hii hujazwa na mtu yeyote aliye na kompyuta au simu na anayekijua kijiji chake.

Umuhimu wake katika eneo hili si mdogo. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Kaunti Ndogo ya Mwatate ilikuwa na watu 81,659. Mji wenyewe, ulioko takriban kilomita 25 magharibi mwa Voi, ndio makao makuu ya Kaunti ya Taita Taveta. Hata hivyo, ramani nyingi za karatasi zilizochapishwa kabla ya ugatuzi humwelekeza msomaji Wundanyi, yaliyokuwa makao makuu ya wilaya. Karatasi haiwezi kujisahihisha yenyewe.

Fauka ya hayo, ramani za kawaida za serikali ambazo kipimo chake ni 1:50,000 huufanya umbali wa mita 500 kuwa sentimita moja tu. Kwa kipimo hicho, mlima na mto huonekana vyema, lakini bomba la maji lililoko kando ya soko halina pa kukaa.

OpenStreetMap ilianzishwa nchini Uingereza mwaka wa 2004 na Steve Coast, wakati ambapo data za ramani za serikali ya nchi hiyo ziliuzwa kwa bei ghali. Wazo lilikuwa jepesi: kila mmoja aandike anachokijua, na kila mmoja aruhusiwe kukitumia bila malipo. Leseni inayotumika tangu mwaka 2012 inamruhusu yeyote kuzinakili na kuzitumia data hizo, mradi ataje zilikotoka na, akizichanganya na data nyingine na kuzitoa kwa umma, azitoe kwa masharti yayo hayo.

Afrika Mashariki si ngeni katika kazi hii. Mwaka wa 2009 vijana wa mtaa wa Kibera, Nairobi, walianza kuuchora mtaa wao katika mradi wa Map Kibera. Kabla ya hapo, mtaa huo wenye maelfu ya nyumba, shule na zahanati ulionekana kwenye ramani kama uwanja mtupu. Jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaro, njia na majengo katika mitaa inayokumbwa na mafuriko.

Ramani ya aina hii hujengwa kwa vitu vichache. Cha kwanza ni nukta, yaani mahali pamoja penye vipimo vyake vya latitudo na longitudo. Mji wa Mwatate, kwa mfano, uko karibu na nyuzi 3.5 kusini mwa Ikweta na nyuzi 38.4 mashariki. Cha pili ni mstari, ambao ni nukta kadhaa zilizounganishwa, kama vile barabara au mto. Mstari ukirudi ulikoanzia hufanya eneo, mathalani shamba, msitu au paa la nyumba. Cha tatu ni uhusiano, unaoviunganisha vitu vingi kuwa kimoja, kama mistari mingi inavyofanya mpaka wa kaunti.

Vitu hivyo havisemi lolote mpaka vipewe lebo. Lebo ndiyo inayoeleza kwamba nukta hii ni kisima na ile ni hospitali. Kwamba mstari huu ni barabara ya lami na ule ni njia ya ng'ombe. Lebo za aina ya kitu huandikwa kwa Kiingereza ili programu zote duniani zizielewe, lakini jina la mahali huandikwa jinsi wenyeji wanavyolitamka. Mahali penye jina la Kidawida na la Kiswahili paweza kuandikwa yote mawili, kila moja katika nafasi yake.

Anayetaka kuanza huhitaji kufungua akaunti kwa anwani yake ya barua pepe. Akishaingia na kubonyeza sehemu ya kuhariri, huona picha iliyopigwa kutoka angani, na juu yake vitu vilivyokwisha kuchorwa. Hapo huweza kuufuata ukingo wa paa au kona za barabara kwa kubonyeza nukta moja baada ya nyingine, kisha akachagua lebo ifaayo. Kabla ya kuhifadhi kazi yake, hutakiwa kuandika maelezo mafupi ya alichobadilisha.

Kazi hiyo ya kufuata picha yaweza kufanywa na mtu aliyeko Ulaya au Marekani, na mara nyingi hufanywa hivyo. Lakini picha ya angani haiwezi kumweleza kama paa analoliona ni la zahanati, ghala au nyumba ya mtu. Haimwambii kama bomba lile hutoa maji mwaka mzima au hukauka kiangazi, wala kama daraja huvukika wakati wa masika. Habari hizo anazo mwenyeji peke yake.

Mwenyeji huyo ana njia nyingine ya kukusanya data, nayo ni kutembea. Simu nyingi za siku hizi hupokea mawimbi ya setilaiti na kuweza kurekodi njia aliyoipita mtu. Katika uwanda ulio wazi, kipimo cha simu hukosea kwa mita chache. Chini ya miti mikubwa au katika makorongo, kosa huongezeka. Picha za angani nazo huweza kusogea kwa mita kadhaa, hasa kwenye miteremko. Ndiyo sababu ni busara kulinganisha picha na vipimo kadhaa vya simu kabla ya kuchora.

Lipo katazo moja ambalo wanaoanza hulivunja bila kujua. Hairuhusiwi kunakili majina au njia kutoka ramani zenye haki miliki, ikiwa ni pamoja na zile za makampuni makubwa ya mtandao. Kuwa ramani hutazamwa bure hakumpi mtu haki ya kuinakili. Kinachotakiwa ni kile mtu alichokiona mwenyewe, au chanzo kilichotoa ruhusa.

Mabadiliko yakishahifadhiwa, huweza kuonekana na ulimwengu mzima baada ya muda mfupi. Historia ya kila kitu hubaki: nani alikiongeza, lini, na kilikuwaje kabla. Mwingine akiona kosa, aweza kulisahihisha au kuirejesha hali ya awali. Lakini ukaguzi huo hutegemea kuwapo kwa watu wanaotazama. Mahali pasipo na wachoraji wengi, kosa laweza kukaa miaka.

Uzito wa lebo waweza kupimwa kwa mfano kutoka milima yenyewe ya Taita. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki cha Finland, ambacho kina kituo cha utafiti Wundanyi, walilinganisha picha za angani za mwaka 1955 na za mwaka 2004. Waligundua kwamba jumla ya misitu katika milima hiyo ilipungua kwa asilimia 2 tu. Lakini misitu ya asili ilipungua kwa nusu, yapata hekta 260. Pengo hilo lilizibwa na miti ya kigeni iliyopandwa.

Kwa hivyo ramani inayoandika neno "msitu" pekee ingemfanya msomaji aamini kwamba hapajatokea jambo kubwa. Ile inayotenganisha msitu wa asili, kama ule wa Chawia, na shamba la misindano au mikaratusi, ndiyo inayosema kweli.

Kuna pia suala la kushirikisha wengine. Si kila taarifa hufaa kuingizwa katika ramani ya msingi, ambayo imekusudiwa vitu vya kudumu vinavyoonekana. Kamati ya maji ya kijiji, kwa mfano, yaweza kutaka kuonyesha mabomba yaliyoharibika wiki hii, au wakulima wakataka kuandika mashamba yaliyovamiwa na ndovu msimu huu. Taarifa kama hizo huwekwa katika tabaka la pekee juu ya ramani, kama karatasi nyepesi iliyolazwa juu ya nyingine. Huduma kama uMap humwezesha mtu kutengeneza tabaka lake na kuwatumia wenzake anwani yake ili walitazame.

Kwa wale wa milimani ambako mawimbi ya simu hukatika, zipo programu kama OsmAnd ambazo hupakua ramani ya eneo zima palipo na mtandao mzuri, kisha huitumia baadaye bila mtandao. Dereva wa ambulansi aliyefanya hivyo akiwa Voi aweza kuifuata njia hadi kijijini, mradi njia hiyo imeandikwa.

Hata hivyo, liko jambo ambalo ramani ya aina hii haiwezi kulifanya, na ni muhimu lieleweke mapema katika kaunti ambayo mizozo ya ardhi ni ya tangu jadi. Kaunti ya Taita Taveta ina ukubwa wa kilomita mraba 17,084, lakini takriban asilimia 62 imo ndani ya mbuga za Tsavo. Kilichosalia hugawanywa baina ya wakulima, wafugaji, ranchi na mashamba makubwa. Mjini Mwatate kwenyewe, mipaka ya shamba kubwa la katani imezozaniwa kwa miaka mingi na jamii zinazopakana nalo.

Mstari uliochorwa mtandaoni si ushahidi wa umiliki. Ua ukionekana kwenye picha, mchoraji aweza kuandika kwamba pana ua. Hawezi kuandika kwamba ua huo uko mahali panapostahili. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaeleza kwamba hata ramani rasmi za usajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa kisheria. Mzozo wa mpaka hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha hatari yake. Simu ikikosea kwa mita tano kwenye mpaka wenye urefu wa mita 100, kipande kinachoingia au kutoka ni mita mraba 500, ambayo ni karibu thumuni ya ekari. Ndugu wamefikishana mahakamani kwa kipande kidogo kuliko hicho.

Hali ni iyo hiyo kwa mipaka ya kaunti. Taita Taveta imezozana na Kwale kuhusu Mackinnon Road, na Makueni kuhusu Mtito Andei. Mtu anayeusogeza mstari mtandaoni kwa kupendelea upande wake habadilishi chochote kisheria, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imeweka utaratibu wake wa kubadilisha mipaka, kupitia tume huru na Bunge. Anachofanya ni kuwapotosha wanaoitegemea ramani.

Aidha, si kila kinachojulikana kinafaa kutangazwa. Majina ya watu hayapaswi kubandikwa kwenye nyumba zao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazilinda taarifa za kibinafsi. Mahali faru wanapojificha pakiwekwa mtandaoni, jangili naye atapasoma. Wachimbaji wadogo wa vito katika viunga vya Mwatate nao wana sababu ya kuulizwa kabla ya mashimo yao kuonyeshwa kwa ulimwengu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la ardhi liko katika ofisi ya msajili, na hakuna tovuti iliyochukua nafasi yake. Lakini chemchemi, kivuko, zahanati na njia ya shule ni mali ya umma ambayo hapo awali haikuwa na daftari ambalo mwanakijiji angeweza kulifungua na kuliandika mwenyewe. Sasa lipo. Shule yenye kompyuta chache na mwalimu wa jiografia mwenye ari yaweza kuanza na kata yake: kuorodhesha vituo vya maji, kuvitembelea, kuviandika, na kurudi kila mwaka kuhakikisha kwamba bado vipo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi, ilhali kisima kilichokauka kikibaki kwenye ramani, msafiri mwenye kiu atakifuata.