Mchimba Kisima Haingii

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walinena wahenga. Lakini, ndugu msomaji, nikizifikiri habari za visima vya mafuta kaskazini ya Kenya, naona methali imepinduka: mchimbaji hufunga virago akenda zake, atumbukiaye ni mfugaji.

Mwaka 2009 kampuni ya CNOOC ya China ilianza kuchimba kisima cha Bogal, upande wa Merti, Isiolo. Wakateremka zaidi ya mita 5,000, na mafuta ya kuuzwa hawakuyapata. Sisemi waliacha sumu. Nasema kisima kikavu nacho kina taka zake. Kekee haishuki ila kwa tope lililotiwa madawa, na tope hilo hupanda juu na chumvi na madini ya chini kabisa. Shimo la kulihifadhi lisipozibwa vyema, mvua yatosha kulipeleka bondeni.

Na chini ya Merti mna hazina nyingine, ya maji, ienendayo mpaka Dadaab. Juu ya ardhi hiyo Waborana wana nidhamu yao: mgeni halishi mifugo mpaka awaone wazee wa dedha. Sisi tuliokaa chuoni hatuishangai. Fiqhi nayo humpa mwenye kisima harimu yake, asije mtu akachimba jirani akakiharibu.

Hofu hii si ya kubuni. Jirani zao wa Kargi, Marsabit, wamelalamika miaka mingi kwamba Amoco, iliyochimba katika jangwa la Chalbi miaka ya 1980, iliacha taka zikaingia majini, na kwamba saratani na vifo vya mifugo vimetoka humo. Mwaka 1998 Amoco ikaungana na BP. Mlalamikiwa amebadili jina. Mlalamikaji yu pale pale na ndoo yake.

Hapa ndipo penye fundo. Mfugaji huulizwa: shahidi wako nani? Maji yakipimwa baada ya maradhi tu, nani atajua yalikuwaje kabla? Sheria ya mafuta ya mwaka 2019 imewawekea wenyeji asilimia 5 ya fungu la serikali. Njema, lakini fungu huja mafuta yakipatikana. Kisima kikitoka kikavu, asilimia haipo, taka zipo.

Basi kabla kekee haijashuka, maji ya kila kisima yapimwe mbele ya wazee, majibu yaandikwe kwa lugha yao, na nakala ibaki Merti. Siku ya kesi, shahidi awe nyumbani.