Hati ya Maswali juu ya Ugonjwa wa Kibofu kwa Wanawake: Namna ya Kuitafsiri na Kuijaribu

Waalimu na makasisi wa nchi hii wamezoea kuletewa maandiko ya kila namna ili wayatie katika Kiswahili, na siku hizi maandiko ya hospitali yamekuwa mengi. Miongoni mwake zimo hati za maswali, yaani karatasi ambazo mgonjwa husomewa neno kwa neno, na kila jibu lake hupewa hesabu, ili mganga apate kujua ugonjwa na ukubwa wake. Katika makala haya twataka kueleza jinsi hati ya namna hiyo ipasavyo kutafsiriwa na kujaribiwa. Tumechagua mfano wa maambukizi ya kibofu kwa wanawake, maana hapa neno moja lisilofaa laweza kumpa mama dawa isiyo yake, au kumtia fedheha nyumbani mwake.

1. Ugonjwa na hati yenyewe

Kibofu ni mfuko wa kuhifadhia mkojo. Kwa mwanamke njia itokayo kibofuni ni fupi kuliko ya mwanamume, kwa hiyo bakteria, hasa wale waitwao Escherichia coli wakaao matumboni, huifikia kibofu upesi. Wakipanda mpaka kwenye mafigo, huja homa kali na maumivu ya ubavuni, na hatari huzidi, hasa kwa mwenye mimba.

Huko Uzbekistan, Jakhongir Alidjanov na wenzake walitunga hati ya maswali 18 kwa Kiuzbeki na Kirusi, ijulikanayo kwa herufi A.C.S.S. Habari zake zilichapwa mwaka 2014, na baadaye ikatiwa katika Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine. Maswali 6 ni ya dalili zenyewe: kukojoa mara nyingi, kubanwa ghafula, maumivu wakati wa kukojoa, kuona kwamba mkojo haukwisha, maumivu chini ya kitovu, na damu katika mkojo. Maswali 4 ni ya kupambanua ugonjwa huu na mengine, 3 ni ya jinsi unavyomzuia mwanamke katika shughuli zake, na 5 ni ya hali zake, kama hedhi, mimba na ugonjwa wa sukari. Kila dalili hupewa hesabu tangu 0 mpaka 3, na jumla ya dalili zile 6 za kwanza ikifika 6, ugonjwa hudhaniwa kuwapo.

Pengine msomaji atasema, ‘Kuna haja gani ya hati? Mama akisema mkojo unamuuma, si apewe dawa?’ Jibu lilionekana katika uchunguzi uitwao HATUA, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, na kwa upande wa Tanzania katika Mwanza, Mbeya na Kilimanjaro. Mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 waliokuja na dalili za ugonjwa huu ulipimwa, na waliothibitika kuwa nao walikuwa 35 tu katika kila 100. Tena bakteria wengi walionekana kuwa sugu kwa dawa za namna nyingi. Basi kumpa dawa kila anayelalamika ni kuwapa wengi wasioihitaji, na kuidhoofisha dawa hiyo kwa yule atakayeihitaji kesho.

2. Maneno yatakiwayo kuangaliwa

Huku kwetu Kongwa, kama ilivyo katika nchi yote ya Ugogo, wanawake wengi walijifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama yao, iwe Kigogo, Kikaguru au nyingine. Na katika soko la mahindi la Kibaigwa husikika Kiswahili cha kila mkoa. Kwa hiyo mfasiri asitosheke na kamusi. Na atazame mifano hii.

Kuwasha na kuchoma. Mtu huwasha taa, pilipili huwasha kinywani, na upupu huwasha ngozini. Mama akisema, ‘Mkojo unaniwasha,’ aweza kuwa na maana ya moto wakati wa kukojoa, au ya mwasho wa ngozi ya nje, nao mara nyingi ni ugonjwa mwingine. Afadhali kuuliza, ‘Je, wasikia maumivu au kuchomwa wakati mkojo unapotoka?’

Kujisaidia. Neno hili lina adabu, walakini halipambanui haja ndogo na haja kubwa. Mwanamke aendaye kujisaidia mara nane aweza kuwa anaharisha. Neno haja ndogo lina adabu na halifichi maana.

Kubanwa na kufunga. Kubanwa na mkojo ni kuhimizwa kwenda chooni. Mkojo kufunga ni kutaka kukojoa usitoke. Mambo haya mawili ni mbali, na uganga wake ni mbali, lakini mfasiri mwenye haraka huyachanganya.

Kiuno. Hati yauliza maumivu ya ubavuni, penye mafigo. Wengi hutafsiri kiuno, na mwanamke aliyeinama shambani siku nzima kwa jembe atajibu ndiyo bila kusema uongo wo wote. Ni heri muulizaji aonyeshe kwa mkono, chini ya mbavu kwa nyuma, upande wa kuume na wa kushoto.

Homa. Hati yataka homa ipitayo 37.5 kwa kipimo cha Selsiasi, na kwetu homa ni jina la malaria na la uchovu wa mwili pia. Pasipo kipimajoto, aulizwe kama mwili umekuwa wa moto, au kama ametetemeka kwa baridi.

Majina ya magonjwa. Siku hizi wengi husema ‘nina yutiai’, au ‘niliambiwa mkojo mchafu’. Wengine husema chango, na neno hili hukusanya maumivu mengi ya tumbo la mwanamke. Damu katika mkojo huitwa mara kichocho. Ama neno kisonono lisitiwe katika swali kabisa, kwa kuwa ni jina la ugonjwa wa zinaa. Mama akiulizwa hivyo mbele ya mkwewe, atanyamaza au atakana, na hata mumewe aweza kumshuku bure. Na aulizwe dalili, jina la ugonjwa aachiwe mganga.

Wakati na kiasi. Hati yataka habari za saa 24 zilizopita. Kwa kuwa Waswahili huanza siku magharibi, ni wazi zaidi kusema, ‘tangu jana wakati kama huu mpaka sasa’. Vilevile ngazi zake nne zisiwe ‘hakuna, kidogo, kiasi, sana’ bila maelezo, maana kidogo na kiasi hukaribiana. Na kwa adabu mwanamke mtu mzima huweza kusema ‘kidogo tu’ hali ameshindwa kulala. Tena hati huhesabu mara za kukojoa kwa siku: mpaka 4 ni hali ya afya, 9 au zaidi ni hali kali. Katika nchi kavu kama yetu, wakati wa kiangazi mtu hunywa maji machache na kutoka jasho jingi. Basi hesabu iliyofaa Tashkent yapasa kupimwa upya Kongwa.

3. Njia ya kutafsiri

Desturi iliyokubaliwa ni hii. Watu wawili hutafsiri, kila mmoja peke yake. Kisha tafsiri mbili hulinganishwa na kufanywa moja. Mtu wa tatu, asiyepata kuiona hati ya asili, huirudisha katika lugha ya kwanza, na tofauti zikionekana hujadiliwa na baraza lenye mganga, mkunga na mjuzi wa lugha. Mwisho husomewa wanawake wachache, na baada ya kila swali huulizwa, ‘Umefahamu nini? Lirudie kwa maneno yako.’ Hapo ndipo maneno kama kuwasha na kiuno hujifichua, maana tafsiri ya kurudisha haiwezi kuyagundua: wafasiri wote wawili wamesoma shule, nao hufahamiana.

Njia hii si ngeni kwetu. Hati iitwayo SF-36, iulizayo habari za afya kwa jumla, ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa matumizi ya Tanzania, na habari za tafsiri hiyo zilichapwa mwaka 1999.

4. Kujaribu kwa hesabu

Tafsiri njema bado si hati iliyothibitika. Yapasa majibu yalinganishwe na mkojo wenyewe, ukioteshwa maabara ili bakteria wahesabiwe. Katika miaka ya 1950 Edward Kass wa Marekani aliweka kipimo cha bakteria 100,000 katika mililita moja. Baadaye ilionekana kwamba mwanamke mwenye dalili aweza kuwa na wachache zaidi, naye ni mgonjwa kweli.

Tutoe mfano wa kubuni. Wanawake 100 wameulizwa na kupimwa. Maabara yasema 40 ni wagonjwa. Hati imewatambua 36 katika hao 40, yaani 90 kwa 100. Na katika wazima 60 imewaacha 48, yaani 80 kwa 100. Walioitwa wagonjwa ni 48, na 12 kati yao si wagonjwa. Sasa hati ile ile ipelekwe mahali ambapo wagonjwa ni 10 tu katika 100. Itawatambua 9, lakini katika wazima 90 itawaita 18 wagonjwa. Basi katika 27 watakaopewa dawa, theluthi mbili hawaihitaji. Hati haikubadilika, waliobadilika ni watu. Ndiyo sababu hati iliyojaribiwa katika hospitali kubwa ya mjini haina budi kujaribiwa tena katika zahanati ya kijiji.

5. Mfano wa jirani zetu

Asidhani mtu kwamba maswali ni kitu dhaifu. Katika wilaya ya Kilosa, ambayo wakati ule ilipakana na Kongwa upande wa mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1980 Christian Lengeler na wenzake walipeleka karatasi za maswali mashuleni, na waalimu wakawauliza watoto juu ya dalili na magonjwa mengi, kichocho kikiwa kimoja kati yake. Majibu yalilinganishwa na vipimo vya mkojo, na mwaka 1991 ilitangazwa kwamba shule zenye kichocho kingi zaweza kutambulikana hivyo kwa gharama ndogo. Ilifaa kwa sababu kichocho ni neno la watoto wenyewe, na aliyeuliza ni mwalimu wao.

Kwa mwanamke na kibofu chake mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa haya huingia kati. Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu wanaoombwa kutafsiri hati za namna hii: muulizaji awe mwanamke, faraghani; maswali yasomwe kwa sauti, si kuandikwa tu, maana wako wasiojua kusoma; na mama mkulima asiyepata kwenda shule awe na kiti katika baraza la tafsiri pamoja na mganga. Yeye akilirudia swali kwa maneno yake, na maana ikabaki ile ile, ndipo kazi ya mfasiri itakapokuwa imekwisha, na kazi ya maabara ianze.