Jiliwa la Fundi na Shokapu ya Pikipiki Yako

Mtumiaji wa pikipiki wa Karatu hulipia mpira mpya wa kuzuia oili katika shokapu ya mbele. Siku chache baadaye oili huvuja tena, na lawama huangukia mpira. Huenda kosa limo katika jiliwa.

Meno ya jiliwa ni ya chuma kigumu chenye mikato, ili kifaa kisiteleze. Yakibana bomba la shokapu lililopakwa kromu, huacha mikwaruzo ambayo huukata mpira kila pikipiki inaporuka shimo. Vumbi la barabara za Ngorongoro huzidisha ulaji huo. Oili inayovuja yaweza kufika kwenye breki, na miteremko ya huko haina msamaha.

Kinga yake ni vifuniko vya plastiki vinavyovikwa juu ya meno. Omba kuviona. Viwe vizima na vimefutwa, kwani chembe ya chuma iliyonasa katika plastiki hukwaruza sawasawa na jino lenyewe. Visitumike kwa kuchomelea, huyeyuka.

Kabla ya kumkabidhi fundi shokapu, pitisheni ukucha juu ya bomba mkiwa pamoja. Rudieni kabla ya malipo; ukucha ukikwama palipokuwa laini, dai matengenezo, na risiti itaje kazi iliyofanyika.