Saladi Mbichi na Tegu wa Nguruwe

Saladi ya Kithai ya papai bichi yaweza kuandaliwa Tunduma bila kuagiza kitu ng'ambo: papai, karoti, nyanya, pilipili, ndimu na karanga za kukaanga. Chumvi hutiwa mwishoni, kwani huvuta maji na kuilegeza mboga.

Lenye uzito zaidi ni usafi. Mbozi, mkoani Songwe, ni miongoni mwa wilaya ambako watafiti wamemkuta tegu wa nguruwe kwa watu na kwa nguruwe. Wengi hudhani kifafa kitokanacho na tegu humpata mla kitimoto pekee. Sivyo. Nyama isiyoiva huleta mnyoo wa utumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya mnyoo huyo, yatokayo katika kinyesi cha binadamu. Hivyo hata asiyewahi kuonja nguruwe aweza kuugua. Mayai hunata kwenye mboga, na ndimu, hata ikiwa kali namna gani, si dawa yake.

Mwandaaji anawe mikono kwa sabuni, asugue kila mboga kwa maji safi yanayotiririka, kisha amenye papai na karoti. Majani yaliyomwagiliwa maji yenye shaka ni heri yapikwe. Mtu mzima apatapo degedege kwa mara ya kwanza, afikishwe hospitali mapema.