Walinzi wa Nyumba Kumi Ndani ya Tumbo

Maji ya bahari yanapokupwa huko Msimbati, kijiji cha pwani kilichoko kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, akina mama na watoto huteremka na vikapu vyao kutafuta chaza na pweza. Katika mchanga na majani ya bahari hupatikana pia kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye mikono mitano. Hana nyama ya kuliwa wala bei sokoni. Watoto humwokota, humgeuza huku na huku, kisha humwacha alipokuwa. Wachache wajuao kwamba elimu ya jinsi mwili wa binadamu unavyopigana na maradhi inadaiwa sana na jamaa wa kiumbe huyo.

Mwishoni mwa mwaka 1882, mtaalamu wa elimu ya wanyama Élie Metchnikoff, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni nchi ya Ukraine, alikuwa akiishi Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily, Italia. Alikuwa akichunguza kwa hadubini viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao hupenya mwanga kama kioo. Siku moja alivichoma kwa miiba midogo ya waridi, akangoja. Asubuhi ya pili alikuta chembehai zimekusanyika kuuzunguka kila mwiba, kama wanakijiji waliomzingira mwizi. Kwa kuwa viluwiluwi hivyo havina mishipa ya damu, ilikuwa wazi kwamba chembehai hizo zilijiendea zenyewe mahali penye jeraha.

Kutokana na jambo hilo Metchnikoff alieleza kwamba mwili wa kiumbe hai una chembehai ambazo kazi yake ni kumeza adui. Zile kubwa zaidi aliziita makrofaji, yaani walaji wakubwa. Wataalamu wengi walimpinga kwa miaka mingi, lakini mwaka 1908 alipewa Nishani ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

WENYEJI NA WAGENI

Makrofaji zimo katika kila sehemu ya mwili wetu: katika mapafu, ini, bandama, na hata chini ya ngozi. Miongoni mwa zile zilizochunguzwa sana ni za tumboni. Matumbo yetu yamefunikwa na utando laini, na kati ya utando huo na ukuta wa tumbo mna majimaji kidogo yanayoyawezesha matumbo kuteleza bila kukwaruzana. Katika majimaji hayo ndimo zinamoelea makrofaji. Mtafiti anapotaka kuzipata, huosha tumbo la panya wa maabara kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, akayavuta tena, nazo zikatoka zikiwa hai.

Kwa njia hiyo mengi yamejulikana. Mwaka 1962 mtaalamu George Mackaness wa Australia alionyesha kwamba panya aliyekwisha kuugua maradhi fulani ya bakteria akapona, makrofaji zake hugeuka kuwa kali na kuua bakteria ambao hapo kwanza ziliwashindwa. Baadaye ilifahamika kwamba ukali huo huamshwa na chembehai nyingine za ulinzi zinazoitwa limfosaiti. Makrofaji nazo hulipa deni hilo. Zikisha kummeza adui na kumvunjavunja, huonyesha vipande vyake ili wenzao wamtambue atakaporudi.

Mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba katika tumbo la panya mna makrofaji za aina mbili. Moja ni kubwa kwa umbo na ndiyo iliyo nyingi wakati wa amani. Mwanzo wake ni tangu panya angali tumboni mwa mama yake. Nyingine ni ndogo, nayo hutokana na chembehai zinazozaliwa katika uboho wa mifupa na kusafiri kwa njia ya damu. Bakteria wanapovamia, hizi ndogo huongezeka upesi.

Ndugu msomaji anayeukumbuka utaratibu wa nyumba kumi ataelewa mara moja. Makrofaji kubwa ni kama balozi wa nyumba kumi: anawajua wakazi wake, anasimamia usafi, na hapigi filimbi kwa kila kelele ya mtoto. Ndogo ni kama askari wanaotoka kituoni pale balozi anapozidiwa.

Mwaka 2021 utafiti mwingine ulioongozwa na wataalamu wa Calgary, Canada, ulionyesha jambo la ajabu. Utando wa tumbo la panya ulipojeruhiwa, makrofaji kubwa zilikimbilia jeraha kwa dakika chache tu, zikashikana na kuliziba. Watafiti hao walilinganisha tabia hiyo na ile ya chembehai za fukufuku, jamaa wa karibu wa kiti cha pweza. Ulinzi huo, basi, ni wa kale mno.

MLINZI ANA KIKOMO

Hata hivyo, mlinzi hodari naye huweza kuleta madhara. Utafiti huo wa 2021 ulionyesha kwamba, jeraha likiwa kubwa kama la upasuaji, kushikana huko kwa makrofaji huchangia matumbo kugandamana, jambo ambalo huweza kumsumbua mgonjwa baada ya kidonda kupona.

Aidha, wako maadui wanaojificha ndani ya mlinzi mwenyewe. Mkoa wa Mtwara unao mfano wake. Katika miaka ya 1952 na 1953, juu ya uwanda wa Wamakonde, sehemu za Newala, ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo. Wenyeji waliuita chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kitu kinachopinda au kukunja, na jina hilo sasa latumika duniani kote. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa waliochunguza nyani waligundua kwamba virusi vya ugonjwa huo huendelea kukaa ndani ya makrofaji hata baada ya kutoweka katika damu.

Lakini hatari inayoigusa kila familia ni nyingine. Ndani ya utumbo mpana wamo bakteria wengi mno, na humo hawadhuru. Kidole tumbo kikipasuka, au kidonda cha tumbo kikitoboka, uchafu humwagika katika yale majimaji. Makrofaji hupiga mbiu na kupigana. Hata hivyo haziwezi kuziba tundu linaloendelea kumwaga uchafu. Baada ya saa chache sumu huenea katika damu, na maisha ya mgonjwa huwa hatarini.

Hapo ndipo mazoea ya nyumbani yanapoua. Mgonjwa huambiwa kwamba ni chango tu. Hukandwa tumbo kwa nguvu, hupewa dawa ya kuharisha, nazo saa zinapita. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanza karibu na kitovu, kisha huhamia upande wa kulia chini. Kikipasuka, huenda maumivu yakapungua kwa muda, watu wa nyumbani wakashukuru, kumbe ndiyo hatari imeanza.

Kwa hiyo dalili hizi zisingojewe hadi kesho: maumivu makali ya tumbo yasiyotulia, tumbo kuwa gumu kama ubao, homa, kutapika mfululizo, au kushindwa kutoa hewa na choo. Mgonjwa asikandwe tumbo, asinyweshwe dawa ya kuharisha, wala asilishwe chakula, maana huenda akahitaji upasuaji. Apelekwe hospitali mara moja. Mkazi wa Dar es Salaam ana hospitali karibu. Aliyeko Msimbati ana safari ya kufika Hospitali ya Ligula mjini Mtwara, na kwa sababu hiyo yeye ndiye anayepaswa kuondoka mapema zaidi.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Makrofaji hutupatia saa chache za kumfikia daktari. Tusizipoteze kwa kubishana kama ni chango.